Picha Iliyokula Onyo

Majirani zangu, mume wa dada yangu mnamjua. Nyinyi ndio mliombatiza Bwana Makala, naye akiitwa hivyo huitika kama mtu aliyeitiwa cheo. Leo nawasimulia yaliyotokea nyumbani kwetu. Mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa kopo ninalo karibu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumba imetulia. Chumba cha mbele ndicho karakana ya dada: mashine ya kudarizi iko dirishani, rafu imejaa nyuzi, na pembeni ipo kompyuta kuukuu. Ndani ya kompyuta hiyo dada alihifadhi kila nembo aliyowahi kuchora, za shule, za kwaya, za timu za mpira. Akibofya, nembo inakwenda kwenye mashine, nayo inashona yenyewe. Mimi nilikuwa nakata vitambaa, kazi ninayolipwa kwa ubwabwa na maneno. Shemeji alikuwa mezani na kompyuta yake ndogo, akimalizia makala ya jarida la kompyuta na teknolojia.

"Baba watoto," dada akasema, "hii kompyuta yangu inakokota miguu. Hebu itazame."

"Kesho, mke wangu. Leo naandika."

"Unaandika nini?"

"Namna ya kuipa kasi kompyuta iliyochoka."

Nilicheka mpaka mkasi ukaniponyoka. Tumezoea kusikia kwamba kinyozi hajinyoi, lakini huyu alikuwa anatangaza wembe mjini huku kwake watu wana ndevu za kufutia meza.

Msimdhanie vibaya. Kompyuta anazijua, na anajua kuzieleza hata bibi akaelewa. Ugonjwa wake ulikuwa sifa. Tangu jarida lichapishe makala yake ya kwanza, na picha yake kando, alibadilika. Toleo likitoka ananunua nakala kadhaa, kisha "anazisahau" kwa kinyozi, zahanati, na kwenye benchi la fundi viatu, zote zimefunguliwa ukurasa wenye uso wake. Nyumbani, ukimwita kula, anajibu kwamba wasomaji wanamsubiri. Wali nao ulikuwa unamsubiri, ila wali hauna jarida.

Siku ile simu ikalia. Alikuwa mhariri, na shemeji alimweka kwenye spika ili tusikie anavyobembelezwa.

"Makala nzuri, ila imezidi mistari miwili. Ukurasa umejaa. Punguza maneno, au niipunguze picha yako."

"Picha ibaki!"

"Shemeji, toa picha," nikamwambia. "Watu wanatafuta kasi, hawatafuti mchumba."

"Wewe kata vitambaa."

Akapitisha macho kwenye makala, akanung'unika, "Hii hata mtoto anaijua," akafuta sentensi, akatuma. Mambo yakaisha. Au ndivyo tulivyodhani.

Toleo lilitoka wiki ambayo dada alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: nembo za wahitimu wa chuo cha uuguzi, za kukabidhi Ijumaa. Akizikabidhi vizuri, chuo kitampa kazi ya kila mwaka. Akichelewa, kuna fundi mwingine anasubiri mlangoni. Na kompyuta sasa ilikuwa ukibofya, unaweza kwenda kuosha vyombo ukarudi bado inafikiri. Shemeji alikuwa kazini. Dada akalifungua jarida.

"Si mume wangu huyu kaandika?" akaniambia. "Leo nitamshangaza."

Akanituma nyuzi. Niliporudi nilimkuta ameweka rula chini ya mstari, anafuata hatua kwa hatua kama mtahiniwa. Mstari wa mwisho ulisema hivi: *Kompyuta itakuuliza kama una uhakika. Usiogope, bofya ndiyo.* Na yeye hakuogopa.

Kompyuta ilizima, ikawaka, ikamkaribisha kama mgeni. Ilikuwa na kasi ajabu. Dada akafungua hapa, akafungua pale.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "mbona nembo zangu sizioni?"

Shemeji aliporudi alimkuta amekaa mbele ya kioo kisicho na kitu. Alipoelezwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kufoka.

"Sasa nani anarudisha kompyuta katika hali ya kiwandani bila kunakili mafaili yake kwanza? Nani?"

Dada hakupandisha sauti. Alimsogezea jarida na rula juu yake.

"Nionyeshe ulipoandika hivyo."

Shemeji akasoma kutoka juu hadi chini. Akarudia. Nikaona kidole chake kinasimama kati ya hatua ya tatu na ya nne, pale ambapo kabla hajatuma palikuwa na sentensi inayosema: nakili kila kitu kwenye flashi, kwa maana hatua inayofuata inafuta vyote. Ndiyo aliyoifuta. Kando yake palikuwa na picha yake kubwa, anatabasamu.

Walijaribu programu za kufufua mafaili. Vikarudi vipande vipande visivyofunguka. Basi dada akaazima sare ya muuguzi jirani yetu, aliyehitimu chuo hicho mwaka uliopita, akatandaza nembo yake chini ya taa, akaanza kuichora upya, mshono kwa mshono. Shemeji aliomba ruhusa kazini akaketi kando yake, akikuza picha ya nembo kwenye kioo na kuhesabu rangi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, niliwaona wawili hao kwenye meza moja.

Wakiwa katikati ya kazi, mhariri akapiga tena.

"Wasomaji wanalalamika. Kuna mzee amepoteza sauti za marehemu mkewe alizokuwa amerekodi. Nimefikiria tuseme ni kosa la uchapaji. Jina lako litabaki safi."

Shemeji alimtazama dada. Dada alikuwa anachagua uzi.

"Mimi nilikuwa hapa ulipofuta," akasema bila kuinua kichwa. "Mzee wa watu hakuwepo. Mwambie ukweli."

Shemeji akaisogeza simu mdomoni, akasema, "Hapana. Uchapaji hauna kosa. Andika kwamba mwandishi aliliondoa onyo ili picha yake isipungue. Na onyo liweke pale pale penye picha. Namba ya mzee nipe, nimpigie mwenyewe."

Alimpigia. Mazungumzo hayo aliyafanya uani peke yake, na aliporudi hakutaka kula. Sauti za yule mama hazikupatikana.

Nembo za wauguzi zilikabidhiwa Ijumaa, na chuo kikaridhika. Nembo nyingine nyingi zimepotea hadi leo, na dada anazichora mojamoja wateja wanapokuja. Shemeji bado anaandika, ila makala haitoki nyumbani mpaka dada aifuate kwa rula, kwenye kompyuta ya majaribio. Akikwama, inarudi. Juzi imerudi mara tatu, mwandishi akanuna, mhariri wa nyumbani akamwambia, "Nuna, lakini rekebisha."

FUNZO

Ndugu zangu, anayefundisha watu wasiomwona ameshika mikono yao gizani. Neno ambalo wewe unaona kila mtu analijua, kuna mtu analisubiri kwako tu. Basi ukilazimika kupunguza, anza na sifa zako, onyo liache. Ukikosea, sema umekosea, usimtwike mchapaji. Na kabla ya kwenda kutatua shida za dunia, uliza nyumbani kwako kompyuta ya nani inakokota miguu.

Nanyi mnaosoma: nakilini mafaili yenu. Leo, siyo kesho ya shemeji yangu.