Msalaba wa Waridi Kwenye Mzoga

Hilux nyeupe ilikuwa inatimua kilomita mia na arobaini kwa saa.

Bronwyn Tuckett, askari wa wanyamapori, aliipita, akaikata mbele, akashuka na bastola ya Glock mkononi.

"Mikono juu ya boneti, Darcy!"

Darcy Hanrahan, mfanya magendo wa miaka mingi, alicheka. "Taratibu, dada. Kama ni njaa, kuna pai ya nyama kwenye kiti."

Bronwyn alipekua chini ya viti, nyuma ya tairi la akiba, hata ndani ya boksi la barafu lenye bia.

Patupu.

Redio ilikoroma. Alikuwa Doug, mkuu wake.

"Bron, wale mama wombati tumewakuta. Wamepigwa risasi."

"Watoto?"

"Wawili wameibwa. Ni wa kaskazini."

Wombati wa kaskazini, wale wenye manyoya puani, waliobaki duniani hawajazi hata shule moja. Na watoto hawa hawajaota manyoya bado. Wombati, kama jamaa zake kangaruu na koala, huzaa mtoto mdogo kama haragwe, ambaye humalizia kukua kwenye mfuko wa tumboni mwa mama. Nje ya joto lile, hafiki mbali.

Bronwyn aliona kucha ya Darcy. Ilikuwa na rangi ya waridi, mbichi.

"Umekagua mzoga leo?"

"Yule wombati aliyegongwa kule nyuma. Mfuko mtupu, masikini. Na sisi tuna huruma, dada."

Kila dereva wa kule hufanya hivyo: akikuta mnyama aliyegongwa, hutia mkono mfukoni mwake kutafuta mtoto, kisha hupuliza msalaba wa rangi juu ya mzoga ili wengine wasihangaike. Bronwyn mwenyewe aliuona msalaba, akapita bila kupunguza mwendo.

Lakini mzoga ule ulikuwa umevimba kama ngoma. Wa siku nne.

Siku nne, kwenye barabara ya watu wenye huruma hivyo, na hakuna aliyesimama kupuliza msalaba hadi leo? Haiwezekani.

Darcy aliacha kucheka.

Bronwyn alimfunga pingu kwenye chuma cha mbele cha Hilux, akageuza gari.

Nzi walikuwa wengi. Alipiga magoti nyuma ya mzoga, maana mfuko wa wombati hufunguka nyuma, ili mama akichimba udongo usimwingie mwanawe. Akatia mkono hadi kiwikoni.

Soksi mbili za sufu. Chupa ya maji moto, imeshapoa.

Soksi moja ilitikisika.

Ya pili haikutikisika.

"Doug, nimewapata. Mmoja amekufa."

"Usiguse kitu! Ndege ya magendo inakuja kuwachukua, tumeisikia redioni. Namtaka mnunuzi."

"Huyu nikimwacha, naye atakufa."

"Hiyo ni amri, Bron."

Alizima redio.

Aliye hai akamtia ndani ya shati, ngozi kwa ngozi. Soksi yake akaijaza skafu. Kwenye soksi ya yule mfu akaweka kifaa cha kufuatilia, kidogo kama kifungo, akamrudisha mfukoni pamoja na soksi ya skafu, polepole, kama anayemlaza. Kisha akajificha vichakani na gari lake.

Ndege ndogo aina ya Cessna ilitua juu ya lami. Rubani alizichomoa soksi huku ameziba pua, hakuzifungua. Akaruka.

Baada ya dakika arobaini simu iliita.

"Tumefuata kifaa chako, tumewakamata wote," Doug alisema. "Mnunuzi alikuwa amezishika soksi. Na amri yangu?"

"Niandikie barua ya onyo."

"Nitaandika. Yuko hai?"

Bronwyn alisikiliza kifuani.

"Anakwaruza."

Akakata simu. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akaondoka kumchukua Darcy.