Kartushi Tatu za Rugema

Alhamisi, tarehe 20 Novemba 1975. Asubuhi hiyo ziwa halikuonekana. Mvua nyembamba ilinyesha mjini Baraka tangu alfajiri, ukungu ulishuka kutoka milimani mpaka kwenye paa za nyasi, na moshi wa jikoni ulikataa kupanda.

Pulchérie alikuwa akifundisha darasa la pili kujumlisha, chaki mkononi, Norbert aliposimama mlangoni akitiririka maji. Norbert alitengeneza redio sokoni, na hakukosa mzaha hata msibani. Siku hiyo hakuwa nao.

— Dada, toka inje kidogo.

— Nafundisha, yaya Norbert, alijibu, akimwita yaya, yaani kaka, kwa heshima.

— Toka tu. Bamemukamata Rugema.

Pulchérie aliwaacha watoto na hesabu zao. Alijikuta tu chini ya paa la veranda, mgongo ukutani.

— Bamemukamata wapi?

— Ku bariere ya askari, barabara ya Fizi, jana jioni. Tulikuwa tumepanda mu kamyo moja. Askari akashika mufuko yake, akamuuliza, “Mu saki uko na nini?” Na yeye, mutu ya haki, akajibu, “Niko na kartushi tatu.”

— Yesu wangu!

— Nilimukanyaga muguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Wapenzi wa picha, kibati chenye filamu ndani walikiita kartushi. Askari naye alijua kartushi moja tu, ile inayoingia katika bunduki. Na miaka ile, waasi wakiwa milimani juu ya Fizi, neno hilo lilitosha kumpoteza mtu.

— Bakifungua bataona ni filamu, alisema Pulchérie.

— Dada, bamemukuta na barua vilevile. Mu mufuko ya shati.

Hapo Pulchérie alikaa chini, sakafuni. Barua hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Kila neno alilikumbuka:

“Rugema, aparei iko tayari, nimeijaribu. Usikose kuleta kartushi tatu. Siku ya fête tutapiga Chef kwanza, akisimama ku tribune, kisha tutapiga bakubwa bote. Ukisha kusoma, chana hii barua. Wako, P.”

Aparei ni kamera. Chef ni mkuu wa wilaya ndogo, aliyewaomba yeye mwenyewe wampige picha jukwaani, ku tribune, siku ya fête, sikukuu ya Serikali, tarehe 24. Lakini nani angeisoma hivyo?

— Bamesema kesho asubui banamupeleka Uvira, Norbert alimaliza kwa sauti ya chini. Banamupiga aseme P. ni nani. Hasemi.

Walikuwa watu wanne au watano tu, kutoka Mboko mpaka Fizi, waliougua ugonjwa huo wa picha. Vyombo vyao vilikuwa vya mitumba, vilivyoachwa na Wazungu walioondoka, na vilizunguka mkono kwa mkono: huyu anauza aparei, yule anabadilisha beseni za dawa za kusafishia picha kwa gunia la mchele. Rugema, muuguzi wa dispensari ya Fizi, mtoto wa wafugaji wa milima ya juu, ndiye aliyemuuzia Pulchérie aparei yake. Pulchérie alikigeuza kioo chake mwangani, akaona ukungu ndani yake kama uzi wa buibui.

— We muuguzi, uliniuzia kipofu! alimwambia siku hiyo.

— Basi nitamutibu, mwalimu. Bila malipo.

Rugema alishuka Baraka Jumamosi tatu mfululizo na pamba na spiriti. Kioo kilipona Jumamosi ya kwanza. Zile nyingine mbili, wote wawili walijifanya bado kinaumwa.

Baba yake Pulchérie, mzee Anatole, shemasi wa kanisa, hakupendezwa na urafiki huo.

— Sisi ni batu ba ziwa. Mutu wa maziwa, anaweza kula samaki? aliuliza mara nyingi.

Ndiyo sababu barua zao zilichanwa, zisifike mikononi mwake.

Siku hiyo alipofika nyumbani na kueleza, mzee Anatole alifunga mlango kwanza, kisha dirisha.

— Nani anajua ni wewe uliandika?

— Norbert tu. Na Rugema.

— Basi nyamaza. Mutoto yangu, nyamaza. Nilikuwa na jirani mbili, balipelekwa Uvira, habakurudi. Ulikwisha kusikia nani aliuliza habari yao? Hata bamuke yabo habakuuliza.

— Baba, yeye ananyamaza juu yangu. Na mimi ninyamaze juu yake, nani atasema?

— Mungu atasema.

— Basi tumuombe.

Walipiga magoti kando ya kitanda. Mzee alimwachia binti yake aanze. Pulchérie aliomba maneno machache: “Bwana, ninaogopa. Usiniondolee woga kama hutaki, lakini nipe miguu.” Akasema amina, akachukua aparei na kifuko chake cha ngozi, akatoka. Mvua ilikuwa bado.

Hatua mia mbele alisikia viatu vikimfuata matopeni. Hakugeuka. Alijua mwendo wa baba yake.

Katika kambi ya askari alikofungwa Rugema, komanda alikaa nyuma ya meza ya mbao. Alitoka mbali, magharibi ya nchi, lugha yake Lingala, Kiswahili alikiokota barabarani. Juu ya meza vibati vitatu vilikuwa vimepasuliwa, na filamu zimevutwa nje, zimelala kama matumbo ya mbuzi.

— Yo nani? Wewe nani?

Pulchérie alisogea mpaka mezani.

— Mimi ni P., Komanda.

Sajini aliyekuwa dirishani aligeuka. Komanda aliweka kalamu chini polepole.

— P. ni nini?

— Pulchérie.

— Citoyenne, mwananchi, majina ya ubatizo Serikali ilikataza. Ni mwaka wa tatu.

— Ndiyo maana niliandika herufi moja. Shuleni naitwa Etungano.

— Na Chef unataka kumupiga?

— Picha, Komanda. Kumupiga picha. Hizi njo kartushi zake, za picha.

— Uongo! alisema sajini. Komanda, hii ni utambi ya kulipua. Nilivuta, ikaendelea kutoka tu, kutoka tu!

Pulchérie alifungua kifuko, akatoa aparei.

— Mukiniruhusu nipige sasa hivi, mutaona.

Sajini aliinua bunduki. Pulchérie alisikia chuma kikilia, *kchak*.

— Apige nani? alifoka sajini. Weka chini!

— Ukuta! Napiga ukuta, sajini! Picha ya ukuta!

Komanda akainua kidole kimoja, bunduki ikashuka nusu. Pulchérie aliokota filamu moja, akaitia ndani ya aparei, meno madogo yakaingia katika matundu yake moja kwa moja. Akafunga, akazungusha, akaelekeza ukutani. *Kip.*

— Hii njo kupiga kwetu, Komanda. Hakuna mutu anakufa.

Komanda alisogea, akaichukua, akachungulia, akaizungusha mwenyewe. *Kip.* Uso wake ulibadilika kidogo, kama wa mtu aliyepewa kitu asichokitarajia.

— Na hii, “chana barua”? Mutu mwema anaficha nini?

Pulchérie aliangalia mlangoni, ambako mzee Anatole alikuwa amesimama, kofia mkononi, akilowesha sakafu.

— Nilimuogopa baba yangu.

Komanda akacheka, kicheko kifupi.

— Muzee, kumbe wewe unaogopwa kuliko mimi?

— Sikujua, Komanda, alijibu mzee. Kweli sikujua.

Komanda alisimama, akanyoosha shati lake, akamrudishia Pulchérie aparei.

— Basi nipige mimi. Hapa, na bendera. Tarehe 24 unaniletea picha. Ukinipiga vizuri, mutu wako anatoka.

Njia ya kumtoa Rugema ilikuwa wazi hapo. Kidole kimoja tu, *kip*, na Rugema yuko nje. Nyuma yake alimsikia baba yake akinong’ona, “Piga tu, mutoto.” Lakini siku nne zingepita, na picha isingekuwapo. Pulchérie aliishusha aparei.

— Komanda, siwezi kukudanganya. Filamu ikiona mwanga, inakufa. Hizi zote tatu zimekwisha kufa. Picha haitatoka.

— Nani aliziua?

Kila mtu alimwangalia sajini, na sajini aliangalia viatu vyake.

— Ungenidanganya, ungeenda na yeye leo, alisema komanda.

— Ndiyo. Na leo usiku tungekimbia.

— Sasa huniogopi?

— Nakuogopa sana, Komanda. Angalia mikono yangu.

Aliiangalia. Kisha alichukua ile barua, akaisoma tena, midomo ikitembea kwa shida juu ya maneno.

— Mwezi huu nimepeleka batu bane Uvira, alisema. Hakuna hata mumoja alikuya kuuliza. Wewe wa kwanza. Sajini, mulete.

Walimngojea nje, kwenye ngazi, Rugema akatoka akiegemea ukuta. Jicho moja lilikuwa limefungika, mdomo umevimba, shati halina kifungo. Alipomwona Pulchérie, alirudi nyuma hatua moja.

— Kwa nini ulikuya, mwalimu? Nilikuwa ninakuficha.

— Nilikuambia uchane barua! Kwa nini haukuchana?

— Sikuweza. Kabla ya ile, haukuwa umeandika “wako” hata mara moja.

Pulchérie alitaka kumgombeza, machozi yakamzuia. Norbert, aliyekuwa amewafuata na kusubiri getini muda wote, alikuja kumshika Rugema mkono.

— Twendeni, twendeni, alinong’ona. Batabadilisha akili.

Lakini mzee Anatole hakutembea. Alisimama mbele ya kijana, kofia bado mkononi.

— Rugema.

— Baba.

— Balikupiga usiku muzima, haukutaja mutoto wangu. Tuma neno kwenu mulimani. Mujomba yako ashuke tuzungumuze mambo ya ndoa. Samaki, tutakufundisha kula.

— Asante, baba, alisema Rugema, na akainama kwa heshima, ingawa mbavu zilimuuma.

Pulchérie aliweka aparei chini, juu ya ngazi. Askari wawili walikuwa getini. Sajini alikuwa mlangoni, komanda dirishani. Woga wake haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa palepale. Akamshika Rugema mkono, akasema kwa sauti wote waisikie:

— Baba, yaya Norbert, na ninyi askari, mukuwe bashahidi. Mbele ya Mungu nasema: nitakuwa muke wa huyu mutu. Na tangu leo, popote batamupeleka, mi nitakuya kuuliza. Na bakinifukuza, nitarudi kuuliza tena.