Mwaridi wa Jangwani wa Bibi Mauza

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Thuraya alichukua maji yaliyobaki watu wa nyumbani wakishatawadha, akayamwagia maua ya uani. Kwao, mtaa wa Mchafukoge, maji ya udhu hayakumwagwa njiani yakakanyagwa. Mrehani na mwasumini ilinawiri kwa maji hayo.

Mti mmoja tu haukupewa. Ulikuwa mwaridi wa jangwani wa bibi yake, Bibi Mauza, kichaka kifupi chenye shina lililovimba chini kama kibuyu. Mbegu yake ililetwa kutoka Arabuni na mama yake Bibi, akiwa ameifunga kwenye pindo la shela. Bibi hakuwa na kitu kingine cha mama yake.

"Kiangazi usiumwagie maji, mjukuu wangu," Bibi alionya alipokwenda Unguja arusini. "Hata ukipukutisha majani."

Majani yakapukutika kweli. Thuraya akauonea huruma mti ule uliobaki uchi. Akaanza kuumwagia maji ya udhu, asubuhi na jioni, akijiona mwema kupita Bibi mwenyewe.

Siku moja aligusa shina, kidole kikazama. Lilikuwa laini, linanuka. Thuraya akaogopa hadi machozi yakamtoka.

"Sema mbuzi kaupiga kikumbo," alishauri Severa, rafiki yake wa nyumba ya pili. "Nani atajua?"

Jioni hiyo Bibi akarudi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mti wangu haujambo?"

Uongo wa mbuzi ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Bibi hata buibui hakuvua, alikuwa anaelekea uani, na Thuraya akashindwa.

"Bibi, ni mimi! Nimeumwagia maji. Umeoza."

Bibi aliharakisha hadi uani. Aliung'oa mti, akachukua kisu, akakata palipooza mpaka akafika penye nyama ngumu, nyeupe.

"Usiguse utomvu, una sumu. Wawindaji huupaka kwenye mishale." Akapaka majivu kwenye kidonda, akaulaza mti ghalani, bila udongo wala tone la maji.

"Utaishi vipi, Bibi?"

"Maji unayo tumboni. Shina hilo ndilo mtungi wake. Majani huyaangusha makusudi, yasiyamalize maji hayo. Sasa tumwombe Mungu."

Kila siku Thuraya alichungulia ghalani. Kidonda kilipokauka, Bibi aliupanda kwenye mchanga mkavu. Hakuna kilichotokea, na Thuraya akakata tamaa. Kisha asubuhi moja akapiga ukelele uliomleta Severa mbio.

Mti haukuwa na jani hata moja, lakini ulikuwa umejaa maua! Kila ua lilikuwa na petali tano, nyekundu ukingoni, nyeupe kuelekea katikati. Wasichana waliinama kuyatazama, hawathubutu hata kupumua karibu nayo.

"Subhanallah," Thuraya alinong'ona. "Yametoka wapi?"

"Humo humo ulimodhani mna kifo," alisema Bibi. Akawaonyesha tumba lililojisokota kama kilemba. "Huitwa mwaridi, lakini ukoo wake ni ule mti wa maua meupe wa makaburini. Nao una petali tano, tumba la kusokota na utomvu wa kuogopwa."

"Nilikaribia kuuua, Bibi."

"Ulikaribia, kwa kutosikia. Lakini ungenyamaza siku ile, uozo ungepanda hadi kwenye matawi, na mimi nisingejua. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Bibi akamkabidhi kata ya maji.

"Mvua zikianza," alisema, "wewe ndiye utakayeunywesha."