Joho la Binti Upepo

Saa mbili asubuhi Inspekta Hyacinthe alisimama katikati ya studio ya picha ya Amuri, mjini Rumonge, akiutazama msumari mtupu ukutani. Hapo ndipo lilipokuwa likitundikwa joho la buluu, pamoja na mshipi wa manjano na taji la bati. Vyote vilikuwa vimetoweka. Kamera, kitu cha thamani kuliko vyote mle ndani, ilikuwa palepale juu ya miguu yake mitatu.

Akainama mlangoni. Kufuli halikuvunjwa. Nondo za dirisha zilikuwa nzima, na vumbi lake halikuguswa.

"Funguo ziko ngapi?"

"Iko mbili, Shefu," alijibu Amuri. "Moja yangu, ingine ya Émérance, fundi wa nguo. Ye ndiye alishona lile joho."

"Nani amegundua wizi?"

"Généreuse na dereva wake. Walikuja kwa ajili ya picha."

Généreuse alikuwa binti wa mkubwa mmoja wa Bujumbura. Asubuhi hiyo angepigwa picha amevaa joho lile. Baba yake alitaka mtu akamatwe kabla ya adhuhuri, na mwaka ule wa 1973 neno la mkubwa halikurudishwa. Mtu aliweza kuingia mahabusu kwa jambo dogo, asionekane tena. Hyacinthe alilijua hilo vizuri. Hata hivyo ufunguo wa pili ulikuwa wa Émérance, naye alikamatwa.

Kesho yake alimhoji kituoni.

"Juzi uligombana na Amuri. Majirani wamesikia."

"Niligombana naye, Shefu. Nilimwambia ile nguo si ya kuvalisha watu."

"Ni ya nani?"

"Ya mudogo wangu, Sabine."

Émérance alieleza bila kulia. Sabine alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza huko Minago. Alikwenda Bujumbura akaona sinema ya Kijapani, ile ya picha za kuchorwa, akairudia mara nne. Ndani yake mlikuwa na msichana aliyeitwa Binti Upepo, aliyeruka juu ya bahari kwa joho la buluu. Sabine alirudi akitaka jambo moja tu: apigwe picha akiwa Binti Upepo. Émérance akashona joho. Taji akalikata kwenye kopo la maziwa. Amuri akapanga taa kwa mwezi mzima.

"Mlipatana apigwe picha siku gani?"

"Jumapili, mwisho wa mwezi wa ine, mwaka jana."

Hyacinthe aliweka kalamu chini. Jumapili ile hakuna aliyepiga picha Rumonge. Vurugu zilikuwa zimeanza, na watu walikimbilia mitumbwini kuvuka ziwa hadi Kigoma, wasiuawe. Mdogo wake Hyacinthe mwenyewe alivuka siku hizo, wala hakurudi.

"Sabine yuko wapi?"

"Walisema Kigoma. Barua haijafika."

Inspekta alirudi studio peke yake. Safari hii hakuutazama ukuta, alitazama kamera. Nyuma yake, kwenye kijidirisha chekundu, palisomeka namba mbili.

"Amuri, filamu uliiweka lini?"

"Jioni, kabla ya wizi. Mpya kabisa."

"Mpya inasoma moja. Hii iko kwenye mbili."

"Labda imejisukuma, Shefu."

"Isafishe hiyo filamu. Nitasimama hapo nikikutazama."

Katika chumba cha giza Amuri alimwaga nusu ya dawa mezani. Negativu ilipokauka, Hyacinthe aliisogeza kwenye mwanga. Joho lilikuwa limevikwa kwenye mti uliosimamishwa mbele ya pazia lililochorwa mawingu. Mshipi ulifungwa pale kiunoni. Taji lilining'inia kwa uzi mwembamba, kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Chini ya taji hapakuwa na kitu, na kamera ilikuwa imelengwa hapo hasa.

"Mwizi hana nafasi ya kuwasha taa mbili na kufunga uzi," alisema Hyacinthe. "Huyu alijua kamera, na alijua urefu wa Sabine."

Amuri aliketi sakafuni.

"Ni mimi, Shefu. Joho liko kwenye sanduku, chini ya kitanda changu."

"Kwa nini?"

"Baba wa Généreuse aliagiza binti yake apigwe picha akiwa amelivaa. Niliogopa kukataa. Halafu jioni nikawaza yule akilivaa, anacheka, anageuka... Sikuweza." Akafuta uso kwa kiganja. "Sabine alishaniambia atasimama namna gani. Mkono huu hivi, kidevu juu. Kila nikimaliza kazi naziwasha zile taa, nangoja. Siku ile nilitaka kumpiga picha mara moja tu, hata kama hayupo."

"Mlikuwa wachumba?"

"Sikumwambia. Nilisema nitamwambia siku ya picha."

Hyacinthe alifahamu ni nini kuzichungulia mashua za Kigoma zikitia nanga, ukitafuta uso mmoja. Lakini kulikuwa na mwanamke mahabusu.

"Na Émérance? Ulimwacha alale kwenye saruji kwa kosa lako."

Amuri aliinuka akaenda kulileta sanduku.

Katika ripoti Hyacinthe aliandika kwamba vazi halikuwa mali ya studio, na limerudishwa kwa ndugu wa mwenye vazi. Amuri aliwekwa mahabusu kwa kutoa taarifa ya uongo. Émérance alipotolewa, alimkuta Amuri kwenye korido, kati ya askari wawili.

"Nisamehe, dada," alisema Amuri. "Nilimpenda."

"Sikatai. Wewe ulimungoja studio, na mimi nilimungoja nyumba. Lakini mimi sikumufungisha mutu."

Alipokea joho, akalikung'uta, akalikagua pindo kwa pindo. Hyacinthe alimfungulia mlango.

"Utalipeleka wapi?"

"Nyumba, nikalipige pasi," alisema Émérance. "Sabine hapendi nguo yenye mikunjo."