Niliuza Kichuguu

Soko la Kenya lilikuwa limefurika. Usifikirie nchi ya Kenya. Huu ni mtaa wa Lubumbashi, na kelele zake zinatosha nchi nzima. Dorine Kalaba aliingia humo na gauni lake la njano, kamera begani, midomo imempauka kwa njaa. Baba yake, dereva wa malori ya shaba, alimhamishia Dar es Salaam akiwa mtoto. Sasa alikuwa amerudi mjini alikozaliwa kutengeneza filamu kuhusu miti, ziwa na vichuguu vya mji kabla havijaisha. Akasimama mbele ya samaki wakavu wa Pweto.

"Shikamoo, mama. Unauza hawa samaki?"

Mama Honorine alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Mi niuze samaki? Niko nayo mingi hivi, niuze ingine ya nini? Mwenye kuuza njo weye!"

"Mimi? Mimi sina samaki, mama."

Meza zote za jirani zikaangua kicheko. Kijana mmoja aliyeegemea pikipiki nyekundu, miwani ya kuchomelea vyuma ikiwa kwenye paji la uso, alicheka kuliko wote, kisha akaona haya na kusogea.

"Mademoiselle, huku kwetu kuuza njo kununua. Ule mwenye bintu, yeye anauzisha. Ule mwenye falanga, njo anauza."

"Kwa hiyo nikisema nauza..."

"Unatoa falanga."

"Jamani! Mmegeuza dunia kichwa chini!"

"Apana. Njo kwenu banaigeuza," alisema, na tabasamu lake likamfanya Dorine asahau samaki.

Aliitwa Elisée Mwansa, fundi wa mageti. Alimpeleka Dorine nyumbani kwa pikipiki ile, ambayo yeye aliiita moto, na njiani mijakaranda ilikuwa inaanza kumwaga maua, barabara yote imekuwa ya zambarau. Dorine alishika shati la mgongoni mwake kwa vidole viwili tu, kwa adabu. Walipofika alikuwa ameshika kwa mikono yote.

Mapenzi ni kikohozi, na hawa wawili hawakujaribu hata kuziba mdomo. Elisée alimpigia simu kila karakana iliponyamaza.

"Umekula, bébé?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mi nakula sauti yako."

"Utakonda, mwenzangu."

"Aya. Sikia: kuanzia leo, kwako nitasema kama kwenu. Kuuza itabakia kuuza, kununua kununua. Nakuahidi." Na kweli akawa anajikaza, anauma ulimi, anajirekebisha. Dorine alimpenda zaidi kwa sababu ya kule kujikaza.

Jumapili moja Elisée alimpeleka kwa shangazi yake, Tantine Victorine, njia ya kwenda Kipushi. Dorine alishuka kwenye pikipiki akaganda. Nyuma ya nyumba kilisimama kichuguu kikubwa kuliko paa, miti imeota kileleni, ubavu wake mwekundu unang'aa juani. Alikijua. Bibi yake, Kambo Mwaba, alikuwa jirani wa hapo zamani. Mvua ya kwanza ilipoanguka, bibi na mjukuu walikaa chini ya kichuguu hiki na taa na beseni la maji, wakisubiri inswa, wale kumbikumbi wa mabawa, watoke ardhini. Dorine hakuwa na picha ya bibi yake. Alikuwa na kichuguu hiki tu.

"Tantine anataka kuuzisha parcelle, hii kiwanja yote," Elisée alimwambia kwa sauti ya chini, halafu akauma ulimi. "Pardon. Anataka kuuza. Bantu ba matofali banakuya kila siku. Batakivunja, batachoma udongo."

Dorine alimshika mkono. "Zungumza naye, Elisée. Tafadhali. Kikivunjwa hiki, mimi sina tena pa kurudi."

"Nitaona," alisema.

Simu iliita alasiri moja, Dorine akiwa anapanga filamu yake kwenye kompyuta.

"Dorine wangu! Niliuza!"

"Umeuza nini?"

"Kichuguu! Niliuza kichuguu ya tantine, na parcelle yote! Leo leo!"

"Elisée... umefanya nini?"

"Juu yako, chérie! Niliuza juu yako!"

"Kwa ajili yangu? Unathubutu kuniambia kwa ajili yangu?"

"Njo bile, juu yako! Ila sina moto tena, sasa tutatembea na miguu..."

Maneno hayo ya mwisho Dorine hakuyasikia. Simu alikuwa ameshaitoa sikioni. Akakata. Kisha akaandika: Usinipigie tena.

Wewe msomaji umeshaelewa. Yule kijana alikuwa amejawa na furaha, na mtu aliyejawa na furaha husema lugha ya mama yake. Lakini Dorine aliishikilia ile ahadi, kwamba kwake kuuza kutabaki kuuza, na hasira haikumwachia nafasi ya kuuliza. Elisée naye alisimama njiani, simu mkononi, vumbi kwenye viatu. Nimetaja tu kwamba sina moto, akawaza, na papo hapo amekata. Kumbe ni mwanamke wa namna hiyo. Wote wawili walikuwa wapumbavu, na wote wawili waliumia kwelikweli.

Dorine hakwenda kukitazama kichuguu. Nani huenda kuangalia nyumba ya marehemu ikibomolewa? Maua ya jakaranda yalikwisha, mawingu yakajikusanya upande wa Zambia, na yeye akamaliza filamu yake akiwa anaota macho wazi: mara mgongo wa Elisée mbele yake, mara mkono wa bibi ndani ya beseni.

Filamu ilionyeshwa jioni katika uwanja wa parokia, mtaani Kenya. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mchana na ardhi ilinukia. Dorine alivaa liputa, kitenge cha bluu chenye maua meupe, viatu virefu, hereni za shaba. Juu ya shuka jeupe ukutani ilipita mijakaranda, likapita ziwa, ikapita misitu iliyogeuzwa makaa, na mwisho kichuguu, kimetulia kama mama aliyekaa kupumzika.

Taa zilipowashwa, mama mmoja akainuka. Ni Honorine, muuza samaki. "Ile kichuguu, mutoto wangu, iko mpaka leo?"

Dorine alishika kipaza sauti. Alikuwa amejiapia kutolia. "Mama, kulikuwa na kijana mmoja. Nilimpenda, nikamwamini. Kichuguu kile... amekiuza."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Vigelegele! Miluzi!

"Bravo! Ule njo mwanaume!"

"Jamani, mnashangilia nini?" Sauti ya Dorine ilipasuka. "Nimesema amekiuza!"

Wakashangilia maradufu. Ndipo Tantine Victorine akasimama mstari wa mbele, akirekebisha kilemba chake.

"Dorine, unalia juu ya nini? Elisée aliuzisha moto yake, njo akauza kichuguu yangu. Bale ba matofali nilibafukuza miye mwenyewe!"

Aliuzisha moto. Akauza kichuguu. Dorine aliyasikia maneno mawili yakitoka kinywa kimoja. Soko lote likamrudia, samaki wa Pweto, kicheko, ile miwani kwenye paji la uso.

Wakati huohuo wakaja. Kwanza mmoja, akigonga taa, kisha mamia. "Inswa! Inswa!" Wamama wakavamia mabeseni, mabenchi yakaanguka, shuka jeupe likajaa mabawa. Katikati ya zile mbawa zilizokuwa zinaelea, Dorine alimwona Elisée nyuma kabisa ya uwanja, shati jeupe, suruali yenye matope hadi magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Ulikata simu juu ya moto," Elisée alisema alipomfikia.

"Moto gani? Sikusikia habari ya moto! Nilisikia umeuza!"

"Niliuza, ndiyo..." Akashika kichwa. "Mungu wangu. Nilisema kama kwetu."

"Uliniahidi, Elisée."

"Furaha ilinishinda, chérie. Nisamehe."

"Nisamehe mimi. Sikuuliza." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Pikipiki yako uliyoipenda..."

"Pale kando ya kichuguu iko nafasi ya nyumba," alisema Elisée, akitoa bawa lililonasa kwenye nywele za Dorine. "Nyumba ya bantu babili."

"Unanitania, au unaniomba?"

"Niko nakuomba."

"Basi rudia kwa Kiswahili changu, nisikosee tena."

Elisée alivuta pumzi, akajikaza, akauma ulimi. "Dorine. Ninakuomba unioe."

Dorine alicheka huku analia. "Kwetu mwanamke haoi. Anaolewa."

"Basi nimekosea tena?"

"Umekosea vizuri. Nitakuoa."

Akavua viatu vyake virefu, maana safari ya kwenda kukiona kichuguu chao ilikuwa ya miguu. Langoni walimkuta Mama Honorine na beseni lililojaa inswa. Dorine alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Mama," alisema, "nauza!"

Mama Honorine alimtazama, akamtazama na Elisée, akachota konzi mbili na kumjazia kwenye liputa. "Leo siuzishi," alisema. "Leo mubebe tu."