Mstari Niliouruka

Jumapili nyumbani kwetu huanza na sare. Mimi hufua zangu na za Bonge, mdogo wangu wa miaka mitano, ambaye shati lake hurudi kutoka shule likiwa limekula kuliko yeye. Mama hupiga pasi zilizokauka. Na mimi huongea. Naongea nikifua, naongea nikianika, naongea hata kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. Ndiyo maana mtaa mzima huniita Redio.

Jumapili hiyo nilifua kimya. Mama akaniuliza mara mbili kama naumwa.

"Hapana, Mama. Nafikiria mtihani."

"Wewe? Unafikiria mtihani?" Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Basi unaumwa kweli."

Sikuwa naumwa. Nilikuwa na siri ya tangu jana yake, na siri yenyewe ilikuwa imefungiwa katika sanduku la chuma, ndani ya kabati la Mama.

Mama ana duka la dawa. Miezi minane kabla ya siku hiyo, wanaume wawili waliingia dukani mchana kweupe. Mmoja akaomba dawa ya kichwa, mwenzake akatoa panga. Waliondoka na mauzo, na simu, na usingizi wa Mama. Tangu hapo, upepo ukibamiza mlango, yeye huangusha chochote alichoshika. Tulibaki na sahani tatu nzima.

Akaomba kibali cha kumiliki bastola. Polisi walimhoji, majirani wakaulizwa kama ni mgomvi, daktari akampima. Kaka yake, ambaye ni mstaafu wa jeshi na sasa anafundisha watu kulenga shabaha, alimfundisha wiki nne bila kumwonea haya. Kibali kilipotoka walikwenda pamoja kununua, na Ijumaa bastola ikaingia nyumbani. Ilikuwa nyeusi, ndogo kuliko nilivyotarajia, ya aina ile inayojipakia risasi yenyewe kila inapopiga.

Mjomba alitoboa ukuta ndani ya kabati, akafunga sanduku kwa bolti nne. Alileta pia ndoo iliyojaa mchanga, akaiweka karibu na meza ya sebuleni.

"Dada, kila ukiishika hapa nyumbani, mdomo wake uitazame ndoo hii. Hata ukiwa na uhakika haina kitu. Hasa ukiwa na uhakika."

Akavuta kipande cha juu, akatuonyesha kwamba chemba ni tupu, akakiachia, ndipo akachomeka kwenye mpini magazini, kile kibweta chenye risasi. Chemba ni pale mahali risasi inapokaa ikisubiri kupigwa. Kisha akamwambia Mama achague namba ya siri ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua.

Mama akatugeuzia mgongo, akabonyeza tarakimu nne. Mimi na Bonge tukatazamana. Mama ana namba moja tu duniani. Ni ya simu, ni ya kadi ya benki, ni ya kila kitu. Kwetu hata panya wanaijua.

"Hii si ya kuchezea," Mama alisema. "Nimeeleweka?"

Tukasema ameeleweka.

Jumamosi mchana Mama akiwa dukani, na Bonge akiwa uani na malori yake, nilifungua lile sanduku. Nilitaka kuishika tu. Nadhani kila aliyewahi kujuta alianza na neno hilo "tu". Nikasimama mbele ya kioo, nikakunja uso kama askari. Nilikuwa nimemwona Mjomba akivuta kipande cha juu cha bastola na kukiachia, nami nikakivuta kwa nguvu zote. Kikanichomoka vidoleni, kikarudi mbele kwa kishindo.

Nikairudisha kama nilivyoikuta, nikafunga, nikapanga kanga za Mama mbele yake. Nikajiambia hakuna kilichovunjika na hakuna aliyeona, yamekwisha.

Basi Jumapili hiyo, saa tisa alasiri, Mama akaita kutoka sebuleni.

"Redio, njoo unisomee. Miwani nimeisahau dukani."

Nilimkuta mezani, bastola mbele yake juu ya kitambaa cheupe. Mjomba alikuwa aje saa kumi, na Mama alitaka kujizoeza kuifungua kwa ajili ya kuisafisha, asije akachekwa. Alinipa karatasi yenye maelekezo. Mwandiko wa Mjomba unafanana na mchwa waliokurupushwa, lakini mimi nimeuzoea.

"Ndoo yangu ya mchanga iko wapi?"

"Bonge aliipeleka uani jana. Kajengea barabara."

"Huyu mtoto." Akasonya. "Haya, haidhuru. Haina kitu, tuliiweka wenyewe ikiwa tupu. Soma."

"Moja. Toa magazini."

Akaitoa, akaiweka pembeni. "Enhe?"

Macho yangu yalikuwa yameshatangulia. Mstari wa pili ulisema hivi: *Kutoa magazini hakutoshi. Kama kipande cha juu kilivutwa, risasi moja imebaki chemba. Kivute tena, tazama, hakikisha.* Wa tatu ukasema: *Ndipo ubonyeze kifyatulio, kipande cha juu kipate kuchomoka.*

Nilisoma mara mbili. Kile kishindo cha jana kilikuwa na maana. Nilikuwa nimeipandisha risasi mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikikunja uso kiooni.

"Redio, umelala?"

Kama ningesoma mstari wa pili, Mama angevuta, risasi ingeruka mezani, naye angeuliza nani kaiweka. Ndani ya nyumba hii tuko watatu, na Bonge hafiki kwenye lile sanduku. Labda nimekosea, nikajiambia. Labda haikupanda. Labda hakuna kitu.

"Mbili," nikasema, na ulimi wangu ambao haujawahi kuniangusha ukaruka mstari. "Mbili. Elekeza mdomo mahali salama, ubonyeze kifyatulio."

Mama akatafuta mahali salama. Ndoo haikuwepo, basi akageuzia bastola ukutani, ule ukuta wa mbao unaotenganisha sebule na chumba chetu. Nyuma ya mbao hizo lori la Bonge lilikuwa linapanda mlima. Nilimsikia akilinguruma kwa mdomo, akibadilisha gia.

Kidole cha Mama kikaingia penye kifyatulio.

"Mama, usibonyeze."

Sauti ilitoka ndogo, kama si yangu. Akanitazama, kidole bado kipo.

"Kitoe kidole, Mama. Kuna risasi ndani. Niliifungua jana, nikaivuta. Nimeruka mstari."

Sijawahi kuona mtu akitoa kidole polepole namna ile. Akakinyoosha kando ya bastola, akaugeuza mdomo wake taratibu mpaka ukatazama ukuta wa nje, ule wa mawe, ambao nyuma yake kuna kilima tu. Kisha akaita, kwa sauti ileile anayowaitia wagonjwa dukani.

"Bonge, mwanangu. Nenda uani ukanizolee mchanga wangu."

"Lori limeharibika, Mama."

"Nenda nalo hivyohivyo. Sasa hivi."

Tukasikia ndala zikiburura hadi nje. Mama akaniamuru nisimame nyuma yake. Akavuta kipande cha juu, na risasi ikaruka, ikagonga kikombe, ikabiringika mezani hadi ukingoni. Ilikuwa ndogo kama kifuniko cha kalamu. Alitazama chemba, akatazama tena, akairudisha bastola juu ya kitambaa. Kisha akaniashiria nikae.

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Mjomba alifika tukiwa bado tumekaa hivyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona kimya, redio imeisha betri?" Kisha akaiona risasi.

Mama alianza kueleza, akasita. "Sema mwenyewe," akaniambia. Nikasema yote, pamoja na kioo, kukunja uso, na pale kwenye ukuta wa mbao mdomo ulipoelekezwa. Mjomba hakucheka. Alikwenda chumbani kwetu, akapiga magoti penye mkeka wa Bonge, akaniita. Aliweka kidole kwenye ubao, pale mdomo wa bastola ulipokuwa umeelekea.

"Mdogo wako akikaa, hapa panamfika wapi mwilini?"

Nikatazama. Hapo ni kwenye sikio lake. Nikagusa sikio langu.

Tuliporudi sebuleni alimgeukia Mama. "Na wewe, dada. Ndoo haipo, unaendelea. Hutazami chemba kwa sababu juzi ilikuwa tupu. Na ile namba yako hata mimi naijua."

"Najua, kaka. Kosa langu halipungui kwa sababu ya lake." Mama akaisukuma bastola kwake. "Kaa nayo kule unakofundisha, kwenye stoo yenu ya silaha, mpaka nipate sanduku la ufunguo na nijifunze kutazama kabla ya kuamini."

Mjomba akaichukua, akaikagua yeye pia mbele yetu, akaifunga kwenye mkoba wake.

Alipoondoka, Mama alinivuta nikae karibu naye. Nilikuwa nalia kwa namna isiyopendeza, yenye kamasi.

"Kesho baada ya shule utakuja dukani, utafuta rafu zote kwa mwezi mzima. Hiyo ni kwa kufungua kisicho chako," alisema. "Lakini nisikilize. Jana jioni ungeniambia, ningekufokea mpaka majirani waje, halafu tungekula tukalala. Kufokewa kuna mwisho. Wewe ukaogopa kufokewa, nusura tumzike Bonge."

"Lakini nilisema, Mama."

"Ulisema, na nitakushukuru maisha yangu yote. Ila ulisema kidole changu kikiwa ndani. Ukweli haungoji mpaka hapo, mwanangu. Ukikosea, njoo siku hiyohiyo, hata kama miguu inakataa kuja."

Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake, tukatoka uani kumsaidia Bonge kuzoa mchanga.