Mchezo wa Kidole Gumba

Kila Ijumaa basi la shule lilipomshusha Marlee Stubbs kwenye kituo cha mafuta cha Tarrow, alikuwa na kazi moja kabla ya kwenda kwa bibi yake: kununua gazeti la sura. Lilikuwa na jina lake refu la kiungwana, lakini sisi wa kaunti ya Bascom hatukuwa na muda nalo. Ndani yake hamkuwa na kitu ila picha za watu waliokamatwa na sherifu hivi karibuni, na chini ya kila picha jina, umri, na mstari mmoja wa kosa. Kwingine watu husoma gazeti wajue kama mvua itanyesha. Sisi tulisoma tujue nani amelala ndani.

Bibi yake, Opal Stubbs, alilihitaji kwa kazi. Alikuwa mdhamini wa mahabusu. Ukikamatwa na huna fedha ya dhamana, ulimpigia Opal akakutoa. Ukikimbia, alikufuata mwenyewe kwa gari lake bovu na mdomo wake mzima. Wanaume waliochorwa chale mpaka shingoni walimvulia kofia. Alikuwa amemlea Marlee na kaka yake Rhett tangu mama yao alipofariki.

Lakini kabla gazeti halijamfikia Bibi, Marlee na rafiki yake Tuck walikuwa na mchezo wao. Walikaa kwenye benchi nje ya kituo, mmoja akaziba mstari wa kosa kwa kidole gumba, mwingine akatazama sura na kukisia.

"Huyu mwizi wa kuku," Tuck alisema Ijumaa hiyo. "Tazama macho yalivyo. Hata kuku wangemwogopa."

Marlee aliondoa kidole. "Kuendesha gari amelewa."

"Basi alikuwa anaenda kuiba kuku."

Walicheka mpaka Tuck akapaliwa na soda. Kisha Marlee alifungua ukurasa wa pili, kicheko kikamkauka mdomoni. Sura iliyomtazama, yenye masharubu ya kijivu na mchubuko kwenye shavu, ilikuwa ya Dewitt Pogue, dereva wa basi lao. Ndiye aliyewashusha sasa hivi. Ndiye ambaye asubuhi ile alimhamishia Marlee kiti cha mbele, kama mtoto wa chekechea, kwa sababu tu ya kurusha chungwa moja.

Hawakuhitaji kukisia. "Kushambulia kwa silaha," Marlee alisoma.

"Acha uongo!"

"Njoo uone mwenyewe. Ndiyo maana wiki nzima mkono ulikuwa na bandeji."

Bado alikuwa na hasira ya lile chungwa. Alipiga picha ule ukurasa kwa simu, akaandika chini yake: *Huyu ndiye anayewabeba watoto wenu.* Akamtumia Rhett, naye Rhett akawatumia wenzake. Kabla hajafika ofisini kwa Bibi, nusu ya mji ilikuwa imeshaiona, na nusu nyingine ilikuwa inaongeza chumvi.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na mechi ya besiboli ya watoto. Bwana Pogue alikuja kutazama kama kawaida yake, akaegesha gari nyuma ya uwanja. Hakuwahi kufika kwenye viti. Rhett alimzuia njia, na pamoja naye wenzake wawili wa kiwanda cha kuku, Garth Hollis na Dub. Rhett alikuwa na gongo la besiboli begani, na hakuwa amekuja kucheza.

"Unakwenda wapi, mzee?" Rhett aliuliza. "Kuchagua mtoto wa kupiga?"

"Rhett, mwanangu, hujui unachosema."

"Nani mwanao?"

Ngumi ya kwanza ilitoka kwa Garth, ikamkuta mdomoni. Ya pili sijui ilitoka kwa nani, zilikuja nyingi. Bwana Pogue aliangukia mlango wa gari, akajikunja na kukinga kichwa kwa mikono. Dub alimpiga teke la mbavuni. Rhett alipiga kioo cha gari kwa gongo, vioo vikamwagika juu ya mgongo wa yule mtu.

Marlee alikuja mbio kutoka kwenye viti. Akilini mwake alikuwa amewaza kwamba Bwana Pogue atafukuzwa kazi, au atazomewa kidogo. Damu hakuiwaza kabisa. Damu ina harufu, na ile harufu haikuwamo kwenye simu.

"Rhett! Basi! Basi!"

Alijitupa katikati yao wakati gongo limeshapanda juu. Rhett alikuwa anatazama shabaha yake tu. Bwana Pogue aliona. Alitoa mikono kichwani, akamsukuma Marlee pembeni kwa nguvu zote, na gongo lililokuwa limshukie yeye likaangukia mkono wa Bwana Pogue. Kuna sauti ambayo ukiisikia mara moja huulizi ni ya nini. Ilikuwa ya mfupa.

"Rudi nyuma, Marlee," alisema huku damu ikimtoka mdomoni. "Kuna vioo hapo."

Watu walianza kupiga kelele, kocha akaja anakimbia. Wale watatu walirukia gari lao. Garth alitoa kichwa dirishani. "Jumatatu tukitoka kazini tunakuja kwako! Tukikukuta bado upo, tunaivuta hiyo nyumba yako na wewe ukiwa ndani!"

Bwana Pogue aliishi peke yake katika nyumba ya mabati yenye magurudumu, nje kidogo ya mji. Hakuna aliyedhani Garth anatania. Askari wa sherifu walipouliza nani kapiga, uwanja mzima ulikuwa umeangalia mpira. Bwana Pogue mwenyewe alisema hakuona vizuri. Alifungwa plasta ya mkono hospitali, akarudi kwake.

Jumatatu baada ya shule Marlee aliingia ofisini kwa Bibi akiwa amepauka. Bibi Opal alikuwa kwenye simu, anamwambia mteja mmoja kwamba mazishi ya shangazi yake hayakuwa sababu ya kutofika mahakamani, maana shangazi huyo alishazikwa mara tatu mwaka huu. Akakata simu.

"Sema. Sura hiyo naijua, nalipwa kuitazama."

Marlee alisema yote: gazeti, simu, gongo, na kiapo cha Garth. Bibi hakupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Yule mtu alifanya nini?" aliuliza.

"Alishambulia mtu kwa silaha. Imeandikwa."

"Imeandikwa alikamatwa kwa hilo. Nimekuuliza alifanya nini."

Marlee alilichukua gazeti mezani, akausoma tena ule mstari mmoja.

"Hujui. Mimi pia sijui. Basi vaa koti, ofisi zinakaribia kufunga, na kiwanda kinakaribia kutoa watu."

Walivuka barabara. Ofisi ya sherifu ina dirisha dogo la vioo vizito, na mtu yeyote, hata mtoto mwenye pua ya mafua, ana haki ya kuuliza nani ameingia jela ya kaunti na nani ametoka. Marlee alitaja jina.

"Jina kamili na umri," askari wa dirishani alisema. "Hapa tuna akina Pogue wa kutosha kuunda timu mbili."

Marlee aliusoma umri kwenye gazeti. Askari alitafuta, kisha akasoma kwenye kompyuta: Dewitt Rayburn Pogue, aliingia Jumamosi, siku tisa zilizopita, akaachiwa Jumatatu iliyofuata. Mwendesha mashtaka alikataa kumfungulia kesi.

"Alikataa kwa nini?" Marlee aliuliza.

"Hilo si la dirisha hili."

Bibi alibandika miwani yake kwenye kioo. "Tupe namba ya tukio, kijana. Na utuambie kama kuna mwingine mwenye namba hiyohiyo."

Alikuwapo. Lonnie Crabb, aliyetolewa hospitali Alhamisi moja kwa moja hadi jela. Gazeti lilikuwa limeshachapwa, ndiyo maana sura yake haikuwamo.

Marlee alisikia jina hilo akamtazama Bibi. Kila mtu alimjua Lonnie Crabb. Alikuwa amemwoa dada yake Garth.

Walipanda ghorofa ya pili kwa karani wa mahakama. Huko kulikuwa na kompyuta ya wananchi, kibodi yake imechakaa. Marlee aliandika "Pogue" kwanza: hakuna kesi. Akaandika "Crabb": ipo. Ndani ya jalada kulikuwa na hati ya kiapo ya askari aliyefika mahali pa tukio. Karani aliwachapia nakala akaigonga muhuri, kisha akaanza kuzima taa kwa makusudi ili waondoke.

Kwenye gari Marlee aliisoma kimyakimya. Alipomaliza, aliikunja karatasi akafunga mkanda.

"Bibi, endesha haraka."

"Mwanangu, hili gari likienda haraka linabaki nusu."

Walichelewa kidogo. Nyumba ya Bwana Pogue ilikuwa haina dirisha tena, na Dub alikuwa na jiwe jingine mkononi. Garth alikuwa amepiga magoti, anafunga mnyororo kutoka gari lake hadi kwenye chuma cha mbele cha ile nyumba. Rhett alikuwa anaupiga mlango kwa gongo, na kila pigo bati lilibonyea zaidi. Kwa ndani alisikika mtu anasukuma kabati mlangoni, kwa mkono mmoja.

Bibi Opal aliingiza gari katikati ya nyumba na gari la Garth, juu ya mnyororo, akalala kwenye honi.

"Mama Opal, ondoka hapo!" Garth alifoka.

"Niondoe wewe. Nimeshatafuta wanaume wakubwa kuliko wewe chini ya vitanda vya mama zao." Akamgeukia Marlee. "Ulisambaza mstari mmoja. Sasa wape uliobaki. Kwa sauti."

Marlee alishuka. Jiwe la Dub lilipita karibu na sikio lake, likalia kwenye bati. Sijui kama lilimkosa kwa bahati mbaya au nzuri. Alifungua karatasi, na Bibi, aliyeshasimuliwa yote njiani, akainama dirishani akaweka kidole gumba juu ya jina moja. "Hili unaliruka. Yule mama hakuomba kusomwa barabarani."

Marlee alisoma. Sauti ilimkatika mara ya kwanza, akaanza upya.

"Nilipofika penye duka la mashine za kufulia nguo, nilimkuta Dewitt Pogue amesimama na spana ya tairi mkononi, na Lonnie Crabb amelala chini, mkono umevunjika. Nilimkamata Pogue. Baadaye mashahidi watatu walieleza, na kamera ya duka ilionyesha, kwamba Crabb alikuwa akimpiga mke wake kwa spana hiyo kichwani na mgongoni. Watu walisimama wakatazama. Pogue peke yake ndiye aliyeingia, akapigwa shavuni na mkononi, akamnyang'anya Crabb ile spana na kumpiga nayo mara moja, pale Crabb alipomrudia mke wake tena."

Gongo la Rhett lilikuwa limesimama hewani. Garth aliinuka polepole, mnyororo bado mkononi.

"Dada yangu aliniambia alianguka ngazini," alisema.

Mnyororo ukamtoka mkononi.

"Nikamwambia awe anaangalia anapokanyaga." Akaketi chini kwenye vumbi, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, akajifunika uso kwa mikono ileile aliyompiga nayo Bwana Pogue mdomoni.

Mlango uliobonyea ulifunguka kwa shida. Bwana Pogue alichungulia, jicho moja limevimba, mkono kwenye plasta. "Mmemaliza?" aliuliza.

"Bwana Pogue," Marlee alisema huku analia, "picha niliituma mimi. Ni mimi."

"Nilijua kuna mtu aliituma." Alijigusa mdomo. "Ungekuwa umesoma zaidi kidogo, ningekuwa na meno yangu yote."

Askari walikuja, maana Bibi Opal alikuwa ameshawapigia simu njiani. Safari hii Bwana Pogue aliona vizuri, na uwanja mzima ukakumbuka ghafla. Rhett alifungwa pingu akiwa anamtazama bibi yake.

"Bibi, utanitoa leo?"

"Nimedhamini wezi, walevi na mtu mmoja aliyemng'ata farasi," Bibi Opal alisema. "Wewe utalala. Ukishakaa huko ukamkumbuka yule mtu, tutazungumza." Aliwasha gari, na mikono yake ikashindwa kuingiza gia mara mbili.

Gazeti la Ijumaa lilipotoka, Rhett alikuwa ukurasa wa kwanza, nywele zimesimama. Tuck alikuwa wa kwanza kulichukua. Kwa mazoea akaziba mstari wa kosa kwa kidole gumba, kisha akamwona Marlee akaondoa kidole kama kimeungua.

"Samahani. Nilisahau ni kaka yako."

"Wote wana ndugu," Marlee alisema.

Alilipeleka gazeti kwa Bibi bila kulifungua. Bibi Opal alivua miwani.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kukamatwa ni mwanzo wa habari tu. Kaunti imeweka habari iliyobaki wazi kwa kila mtu, dirishani na ghorofani, na ni mwendo wa kuvuka barabara. Anayetaka kusema juu ya mtu na avuke kwanza, asome mpaka mwisho. Akiona uvivu kuvuka, basi na anyamaze, maana kuna mtu atavunjwa mfupa kwa uvivu huo."

Jumatatu basi lilifika na dereva mwingine. Ilipita miezi miwili kabla Bwana Pogue hajarudi nyuma ya usukani, lakini siku aliyorudi Marlee alipanda wa kwanza, akaenda mwenyewe kuketi kiti cha mbele.

Bwana Pogue alimtazama kwenye kioo, pengo likaonekana. "Una chungwa?"

"Ninalo."

"Limenye," alisema. "Mimi nina mkono mmoja mzuri, na huo uko kwenye usukani."

Marlee alilimenya, akampa nusu.